Miezi ya Mzee Butoyi

Meza nimewaachia, funguo za kabati mnazo, na ile stepla kubwa mnajua inavyotaka kupigwa kiganja upande wa kushoto. Kilichobaki ni mambo yasiyokaa kabatini, na kwa kuwa asubuhi zangu sasa ni ndefu, nimeona niwaandikie. Msitafute humu habari za nilichopata wala nilivyopanda, maana kazi yetu haina ngazi: mtu anakaa, unamwandikia, anaondoka. Nimeifanya miaka thelathini na nne, kwanza Handeni, kisha hapa Korogwe. Huu ni mwezi wa pili tangu nistaafu, na bado nikisikia redio ya jirani ikisoma habari za asubuhi nashika mkoba, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka.

Nilianza nikiwa binti niliyemaliza kidato cha nne, nina cheti cha kupiga chapa na viatu vya dada yangu. Aliyenipokea ni Bwana Mhina, mzee mwembamba, mkali wa macho na mpole wa mdomo, aliyekuwa na meza moja, benchi moja na taipureta moja kwenye kibaraza kilichotazamana na ofisi za wilaya. Siku ya kwanza hakuniacha niguse mashine. Alinipa kitambaa nifute vumbi, na vumbi la Handeni halifutiki, linahama tu. Nilifuta asubuhi, nikafuta adhuhuri, nikafuta tena saa tisa basi la Korogwe lilipopita na kutumwagia jingine. Jioni aliifunika mashine kwa kanga kuukuu ya mkewe, akasema, "Kesho uje na kitambaa chako." Hapo nikajua nimeajiriwa.

Mashine yenyewe ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, na herufi yake ya "a" ilikuwa inaruka juu ya wenzake. Karani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akishika maombi yetu tu anasema, "Hii imetoka kibarazani," kabla hajasoma jina. Tuliweka kaboni mbili kati ya karatasi tatu, na ukikosea herufi moja ulifuta mara tatu. Naikumbuka harufu ya kaboni kuliko ninavyokumbuka harufu ya jikoni kwa mama yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Fomu tulizoziogopa ni za ukaazi wa kudumu. Jina na wazazi havina shida. Shida ni kurasa za katikati: mahali pote ulipoishi tangu uingie nchini, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, na safari zote ulizotoka nje. Siku hizi kompyuta inagoma ukiruka kisanduku, nanyi mnakasirika, lakini afadhali kinachogoma. Karatasi haikugoma. Ilikwenda kimya hadi ofisini, ikakaa miezi mitano, ikarudi na mstari mwekundu chini ya pengo.

Bwana Mhina alikuwa na sheria moja: kila mwezi uwe na paa lake. Mtu akitoka nyumba fulani mwezi wa tatu, lazima mwezi huohuo wa tatu awe ameingia nyingine, hata kama ni banda la shemeji. Mengine niliyajua kwa kuumia. Usimwulize mtu anuani. Atakutajia sanduku la posta la shamba ambalo kambi nzima ililitumia. Mwulize alilala wapi. Usimwulize mwaka. Mwulize mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumba gani, na walipohama alikuwa anatambaa au anatembea. Mama mmoja wa Mazinde alinipangia miaka ishirini kwa waume watatu bila kukosea hata wiki, na kila mume alimpa neno lake ambalo kwenye fomu halikuwa na pa kukaa.

Kwenye safari ni hivyo hivyo. Ukimwuliza mtu kama amewahi kwenda nje ya nchi, atasema hapana kwa moyo mweupe kabisa, kumbe kila mwezi anavuka mpaka kwenda gulioni Taveta. Kwake hiyo si safari, ni gulio. Safari ni ile ya kuagwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nauliza, "Umewahi kununua kitu kwa hela isiyo yetu?" Hapo mtu anacheka, na kisanduku kinajaa.

Siku moja tukiwa tunakula mihogo, Bwana Mhina aliniambia, "Watu wa mkonge uwaulize mara mbili." Nilikuwa na njaa, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilijiona nimeshajua. Nikasema ndiyo, mzee. Sikuuliza kwa nini. Kwetu sisi ni wakulima wa Handeni, tunahesabu kwa mvua na kwa njaa. Mkonge niliuona kupitia dirisha la basi tu, mistari na mistari.

Niliolewa, nikahamia Korogwe, nikapata duka hili na meza hii mnayoijua. Bwana Mhina alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, nikafika Handeni wameshazika. Mkewe alinipa ile kanga ya kufunikia mashine; mashine yenyewe alishaichukua mtu. Nimemkosa yule mzee miaka yote hii. Mpaka wiki niliyostaafu, swali likinishinda nilikuwa nageuza kichwa upande wa kulia, alikokuwa akikaa kule Handeni, nikaukuta ukuta na kalenda ya duka la dawa.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Butoyi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Alikuja dukani miaka michache iliyopita, kabla yenu, mzee wa karibu miaka themanini, kofia ya sufu kichwani hata wakati wa jua, vidole vimejaa makovu ya miiba ya mkonge. Alikuwa anaishi Ngombezi na mkewe, Bibi Veronika, Mmakonde aliyezaliwa kambini. Mwenyewe aliletwa kutoka Burundi akiwa kijana kama manamba, yaani wale waliokusanywa mbali wakaletwa mashambani, kila mmoja na namba yake. Namba yake bado alikuwa anaikumbuka. Aliniambia kwanza namba, halafu jina.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nataka karatasi ya kurudia."

"Ya kurudi wapi?"

"Hapa. Ya kwenda ninayo." Akatoa hati ya kusafiria mpya kabisa, mwanawe alimhangaikia. "Nikitoka bila ile nyingine, wataniuliza mpakani, wewe nani? Nitashindwa kurudi kwa mama watoto. Na nisipotoka, nitamkosa Bukuru."

Bukuru alikuwa pacha wake. Kwao wa kwanza kutoka anaitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Walikuwa hawajaonana tangu siku Butoyi alipopanda lori la manamba. Miaka yote hiyo hapakuwa na barua, maana hakuna kati yao aliyejua kuandika, mpaka mjukuu mmoja wa kule akapatikana kwa simu. Bukuru yu hai, mjukuu huyo alisema, lakini akili inakuja na kuondoka. Kuna siku anauliza mdogo wake amechelewa wapi, na kuna siku hajui kama ana mdogo.

"Ikiondoka moja kwa moja," Mzee Butoyi akasema, "nitakwenda kumsalimia nani?"

Nilimwandikia fomu ya ukaazi wa kudumu asubuhi nzima. Wateja walikuwa wengi, nami nilikuwa na haraka, lakini mzee alinifurahisha, kwa sababu alitaja miezi bila kusita. Aliingia mwanzoni mwa mwaka wa kabla ya uhuru. Ngombezi, Kambi Namba Mbili, miaka minne kamili. Mazinde, miaka miwili kamili, ikaishia mwaka mashamba yalipotaifishwa. Kisha Ngombezi tena, akaoa, hajahama mpaka leo. Mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo, nikaona, hana haja ya kuulizwa mara mbili. Ngombezi nilianza na mwaka wa kuingia nikasonga mbele. Mazinde nilianza na mwaka wa kutaifisha nikarudi nyuma. Ngombezi ikawa chini ya ukurasa mmoja, Mazinde juu ya ukurasa wa pili. Sikufunua kuona kama vinakutana. Kwenye safari nikamuuliza swali langu la hela, akatikisa kichwa. Nikapiga chapa: HAKUNA.

Fomu ilirudi baada ya miezi minne. Kati ya Ngombezi na Mazinde kulikuwa na pengo la mwaka mmoja na miezi mitatu. Mwombaji aeleze alikuwa wapi, na kama alitoka nchini aseme kwa nini ameandika hakutoka. Alete maelezo ndani ya siku ishirini na moja, vinginevyo maombi yanafungwa.

Na mimi, badala ya kukasirikia mikono yangu, nilimkasirikia mzee.

"Baba, mwaka mzima ulikuwa wapi?"

"Kambini."

"Kambi gani? Miaka minne na miwili ni sita. Wewe hapa una saba na zaidi."

"Nimekutajia zote, mwanangu. Minne Ngombezi, miwili Mazinde."

"Basi hesabu haikubali. Kama ulirudi kwenu ukaja tena, niambie tu. Mimi siandiki uongo."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri kopi waligeuka. Mzee Butoyi akavua ile kofia, akaivaa tena. "Ningekuwa nilirudi," akasema, "ningekuwa hapa naomba nini?" Akatoka, barua ameiacha mezani.

Siku hiyo sikula mchana. Neno lake lilikuwa limenyooka kuliko fomu yangu yote. Mtu aliyekuwa anamlilia pacha wake kiasi kile, angekuwa alishamwona, angeficha nini? Nikageuza kichwa kulia, nikaikuta kalenda ya duka la dawa, na hapo ndipo mihogo ya Handeni iliponirudia. Watu wa mkonge uwaulize mara mbili. Ningetoa chochote kumsikia Bwana Mhina akiimalizia ile sentensi.

Kesho yake nilifunga duka, nikapanda bodaboda hadi Ngombezi. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya zile nyumba ndefu za zamani za wafanyakazi. Bibi Veronika alinipokea kwa adabu ya kutosha kunifahamisha kwamba ameambiwa yote.

"Karibu, mama wa kuandika. Leo umekuja kumwita mzee mwongo nyumbani kwake?"

"Nimekuja kuomba radhi, bibi. Na kumuuliza mara ya pili."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nilimpa shikamoo ya magoti, akaitikia, akasogeza ungo ili nami nichambue. Tukachambua. Nikamuuliza polepole, kama nilivyopaswa kuuliza siku ya kwanza, mwaka wake mmoja wa kambini ulikuwa na nini ndani.

"Mwaka ni vipande kumi na viwili," akasema.

"Kipande ni nini?"

Alinishangaa. Akamwambia mkewe kitu, naye akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na kadi, nyingi sana, zimefungwa kumi na mbili kumi na mbili kwa uzi wa mkonge. Kila kadi ilikuwa na visanduku thelathini. Ukimaliza kazi yako ya siku, idadi yako ya mizigo ya majani, nyapara aliweka alama kwenye kisanduku kimoja. Usipomaliza, hakuweka.

"Kipande kikijaa, mwezi umeisha," mzee akasema. "Unapokea, unaanza kingine."

"Na siku uliyougua?"

"Siku hiyo haipo."

"Na siku ya mvua, lori lisipokuja? Na Jumapili?"

"Hazipo, mwanangu. Nitahesabuje siku ambayo haikuandikwa?"

Nilichukua kadi ya juu. Ilikuwa imeanza tarehe tatu ya mwezi mmoja na kujaa tarehe kumi na moja ya mwezi uliofuata. Iliyofuata siku thelathini na tano. Ile ya masika, siku arobaini na mbili. Miezi yake yote ilikuwa mirefu kuliko ya kalenda, na hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu kambini kila mtu alikuwa na miezi kama hiyo. Mwaka mmoja na miezi mitatu niliokuwa nimemdai haukuwa pengo hata kidogo. Zilikuwa siku za homa, za mvua na za Jumapili, amelala palepale kambini, kila siku chini ya paa lake. Nililia, na Bibi Veronika akaona ni vizuri, akaniletea chai.

Nilimuuliza kwa nini alizitunza.

"Nilimuaga Bukuru nikamwambia, nakwenda miaka miwili. Nikafika, wakanifundisha kuhesabu hivi. Nikaweka kadi ili nikirudi nimwonyeshe kwamba sikukaa bure. Zikafika mbili hizo, nyumbani kukawa na matata, njia zikafungwa. Nikasema niongeze kidogo." Akatazama kopo. "Halafu huyu hapa akanipikia ugali."

"Nilikulazimisha?" Bibi Veronika akasema.

"Sijasema umenilazimisha."

Zile kadi nilizibeba kwa kanga ya Bwana Mhina. Nilikaa nazo siku sita. Nilipiga chapa kila kadi, ilipoanza na ilipojaa, kambi gani, na ya mwisho ya Ngombezi ilijaa Ijumaa, ya kwanza ya Mazinde ikaanza Jumatatu. Nikaandika maelezo ya ukurasa mmoja juu ya mwezi wa kambi, nikaambatisha kopi za kadi zote, na chini nikaandika kwamba kosa la kutouliza lilikuwa la mwandishi, si la mwombaji. Katika miaka yote hiyo ndiyo mara pekee nilipotia jina langu kwenye fomu ya mtu. Tuliipeleka ikiwa imebaki siku tatu.

Karatasi ya kurudia ilitoka kabla ya masika. Mzee Butoyi alipita dukani akiwa na begi jipya na kopo lake la biskuti mkononi, kwa sababu lilikuwa halina nafasi kwenye begi. Aliniaga, nikamsindikiza hadi kituoni. Lilipoondoka basi nilirudi mezani, nikakaa nimeinamia karatasi nyeupe. Nilimwonea wivu. Alikuwa na mtu wa kumwonyesha kazi yake.

Alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, kofia ileile. Sikuthubutu kuuliza. Akakaa kwenye benchi, akasema:

"Ile fomu yangu bado unayo?"

"Nakala ipo, mzee. Lakini ilishapita."

"Uliandika safari hakuna."

"Wakati ule ilikuwa kweli."

"Sasa si kweli. Andika."

Nilimweleza kwamba haiendi popote, kwamba hakuna ofisi inayoihitaji. Akasubiri nimalize kueleza. Basi nikatoa jalada, nikachukua kalamu, maana karatasi ya zamani haiingii kwenye kompyuta. Nchi: Burundi. Sababu: kumwona ndugu. Nikafungua hati yake ya kusafiria, nikaandika tarehe ya muhuri wa kutoka na tarehe ya muhuri wa kurudi. Ikabaki safu ya mwisho, jumla ya siku.

"Ulikaa muda gani, baba?"

"Mwezi mmoja."

Nilihesabu mihuri. Nikahesabu tena kwa vidole. Ilikuwa siku arobaini na saba. Nikamtazama, naye akafungua lile kopo. Juu ya kadi zote kulikuwa na moja mpya, amekata mwenyewe kwenye boksi la sabuni, visanduku thelathini vimechorwa kwa mkaa.

"Kuna siku alikuwa ananiona mgeni," akasema. "Ananiuliza nimetoka wapi, namwambia, anasema karibu. Hizo sikuziandika. Siku akiamka akaniita Butoyi, naweka alama. Nilikaa mpaka kikajaa."

"Na ulivyomuaga?"

"Ilikuwa siku ya alama. Nilimwonyesha kadi zote. Alizishika moja moja. Akaniambia, umechelewa. Nikamwambia ndiyo."

Nimewafundisha, na nimewagombeza juu ya hilo, kwamba jumla ya siku lazima ikubaliane na tarehe. Katika miaka thelathini na nne sikuwahi kupitisha fomu ambayo hazikubaliani. Ile nakala iko kabati la chini, jalada la kijani, nyuma ya karatasi za kopi. Kwenye safu ya mwisho ya ukurasa wa tatu nimeandika thelathini kwa mkono wangu. Mkiikuta, msiisahihishe.